Tabaka Saba za Shemeji

Mama mdogo wangu alikuwa na kanuni moja kuhusu kazi za ndugu: hazifanyi. Mgeni, alisema, ukimwambia ubao wake umeoza anakuuliza utautoaje. Ndugu ukimwambia ubao wake umeoza anakuuliza umeanza lini dharau. Kwa miaka ishirini na sita alibandua rangi kuukuu kwenye mabaraza ya mbao ya watu, ya mahoteli, ya nyumba za kupanga, hata ya kliniki moja yenye baraza refu kama barabara, lakini hakugusa hata kizingiti cha nyumba ya ndugu. Mpaka bibi yangu, yaani mama yake mzazi, alipoanguka kwenye baraza letu akavunjika nyonga.

Watu walimwita Msasa. Wengi walidhani ni kwa ajili ya kazi. Waliomjua vizuri walijua ni ulimi. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, akifagia vumbi la mbao katika karakana ya samani. Siku moja fundi mkuu alimkuta amepiga magoti, anapapasa meza ambayo watu wazima wawili walikuwa wamemaliza kuipiga msasa, na bila kuulizwa akasema meza hiyo ina kidonda. Fundi mkuu akapapasa mahali pale. Akafumba macho akapapasa tena. Kisha akamnyang'anya ufagio, na tangu siku hiyo hakuushika tena kama kazi. Aliolewa, akaachika baada ya miaka minne, na alipoulizwa sababu alisema ndoa ile ilikuwa nzuri kwa juu tu; alipoikwangua hakukuta mbao. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na gari dogo la mizigo lenye mlango mmoja usiofunguka, magoti yenye sugu kama visigino, na mimi, ambaye aliniita "mwanangu" tangu sijajua kutembea.

Sasa baba yangu. Baba alikuwa amestaafu kusoma mita za maji. Miaka thelathini na mitano aliingia nyua za watu, akainama, akasoma tarakimu, akatoka. Kazi ile ilimwachia tabia mbili. Ya kwanza ni kuamini kwamba hakuna asichokijua, kwa kuwa hakuna ua asioufahamu. Ya pili ni kutotupa kitu. Kopo la rangi likibakiwa na kiasi cha vidole viwili, Baba alilifunga kwa nailoni, akaliandika tarehe, akaliweka stoo. Na kila mwaka mvua zikikaribia aliyatoa makopo yake akapaka baraza kwa rangi yoyote ile iliyobaki.

Baraza lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba: sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya boriti, hatua nane kwa tano, bila paa, na ngazi tatu za kushukia uani. Chumba cha Bibi kilifungukia hapo. Kila asubuhi alitoka na kiti chake, redio yake, na miwani yake ambayo aliitafuta huku ameivaa. Mwaka huo Baba alipata makopo mawili mazima ya vanishi ya kung'aa kutoka kwa rafiki yake aliyekuwa anafunga duka. Akapaka mara mbili. Baraza likawa kama kioo, na majirani wakaja kulitazama. Siku ya tatu yakadondoka manyunyu, Bibi akatoka kuanua nguo. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kishindo kimoja tu, kisha redio ikiendelea kuongea peke yake.

Alifanyiwa upasuaji siku iliyofuata. Daktari alisema akae wodini wiki tatu, afundishwe kusimama upya. Mama alimpigia simu mdogo wake akiwa bado kwenye korido ya hospitali. Nilikuwa nimeketi karibu naye, na sauti ya Mama Mdogo ilisikika kama iko kwenye kipaza sauti.

"Dada, unajua sifanyi kazi ya ndugu."

"Hii si kazi ya ndugu," Mama akasema. "Ni kazi ya mama yako. Akirudi atapita wapi?"

Nilimsikia akiguna. Kisha: "Mumeo atakuwepo?"

"Anaishi hapa."

"Mungu wangu," akasema Mama Mdogo, akakata simu.

Alikuja Jumatatu asubuhi. Hakuingia ndani hata kusalimia. Alizunguka nyumba moja kwa moja, akavua viatu, akapanda barazani pekupeku. Mimi huingia kazini saa nane mchana, kwenye duka la dawa, kwa hiyo asubuhi zile zote nilikuwepo, na mengi niliyaona kwa macho yangu. Alimwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa yake. Maji yalisimama juu ya mbao kama shanga, hata tone moja halikuzama. Akaweka unyayo juu yake, akasukuma kidogo. Mguu ukateleza wenyewe.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Unaona, shemeji? Haipitishi maji hata kidogo. Nilipaka vizuri."

Mama Mdogo alimwonyesha unyayo wake uliolowa. "Shemeji, hii ndiyo iliyomwangusha Mama."

"Uzee ndio uliomwangusha. Mtu wa miaka sabini na nane!"

"Mimi nina arobaini na tano na nimekaribia kwenda chini sasa hivi."

"Maneno tu hayo."

"Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa," akasema Mama Mdogo akivaa viatu. "Hawakusema chochote kuhusu vanishi."

Baba alikuwa na pendekezo lake, kama kawaida: rangi iliyochanganywa mchanga, ipakwe juu ya vanishi, jioni moja, kazi imekwisha. Alikuwa na kopo tayari, la bluu, na tarehe yake. Mama Mdogo alimweleza taratibu, kama mtu anayejua kwamba anachota maji kwa pakacha, kwamba ukipaka kitu juu ya kitu kisichoshika, vinabanduka vyote viwili. Baraza hili, alisema, lazima libanduliwe mpaka mbao, lipigwe msasa, linyweshwe mafuta mepesi yanayozama ndani badala ya kukaa juu kama ngozi ya maziwa. Mbao ionekane mbao. Mguu ushike.

"Mpaka mbao?" Baba akauliza, na nikaona ameumia kweli. "Kazi yangu yote?"

"Yote."

Mama alitokea dirishani akasema neno moja, "Bandua," akafunga dirisha.

Ikaanza. Mama Mdogo alivaa glovu ndefu, miwani na barakoa, akapaka kwa brashi pana dawa ya kubandua rangi, nzito kama uji, akaifunika kwa nailoni isikauke. Akangoja nusu saa. Alipofunua, rangi ilikuwa imekunjamana na kuvimba, akaingiza kisu chake kipana cha kukwangulia. Vanishi ilitoka kwanza, vipande vyenye kunata. Chini yake kahawia. Chini ya kahawia, kijani.

"Hiyo ya geti," Baba akasema. Alikuwa amejiletea kiti. "Mwaka tulipobadilisha geti."

Chini ya kijani kukawa na nyekundu iliyoiva.

"Hiyo walinipa kazini. Ya mabomba ya zimamoto. Kali sana hiyo, haitoki."

"Naona," akasema Mama Mdogo kupitia barakoa. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

Chini ya nyekundu kahawia tena, kisha rangi fulani ya maziwa yaliyoharibika, kisha vanishi ya zamani iliyogeuka njano. Tabaka saba. Mama Mdogo alisema hajawahi kuona kitu kama hicho hata hotelini, na hotelini kuna mameneja. Kila tabaka ilitaka dawa yake, na kila tabaka ilikuwa na mtetezi wake ameketi hatua mbili kutoka pale. Hii ilidumu mwaka mzima bila ufa. Ile jirani aliomba jina lake. Mara Baba alimkosoa namna ya kushika kisu. Mara aliuliza kwa nini asitumie brashi ya waya, akajibiwa kwamba nyuzi za waya zinabaki ndani ya mbao na kuota kutu, madoa meusi kila mahali. Baada ya saa moja aliuliza tena kwa nini asitumie brashi ya waya.

"Dada!" Mama Mdogo akaita bila kugeuka. "Mumeo hana pa kwenda?"

"Anakwenda hospitali saa sita," Mama akajibu kutoka jikoni.

"Na saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

Nilimsikia Mama Mdogo akivuta pumzi kama mtu anayepandisha gunia begani.

Siku ya tatu dawa iliisha. Robo tatu ya baraza ilikuwa imeshafika kwenye mbao, laini na imelowa, ikisubiri kusuguliwa kwa brashi ya nailoni na kusafishwa kwa maji ya bomba, polepole. Mama Mdogo alimwambia Baba, akimnyooshea kidole kama mtoto wa chekechea, kwamba asiguse kitu. Akaondoka na gari lake kwenda dukani, mwendo wa saa moja kwenda na kurudi.

Nilikuwa najipumzisha chumbani niliposikia mngurumo. Nilitoka mbio. Baba alikuwa amekwenda kwenye sehemu ya kuoshea magari pale kona, amekodi ile mashine inayorusha maji kwa nguvu, na sasa alikuwa amesimama katikati ya baraza, suruali ameikunja, mpira ameushika kwa mikono miwili, mdomo wa mpira umekaribia mbao kiasi cha shubiri moja.

"Baba! Mama Mdogo alikataa!"

Akaniashiria kwamba hasikii.

"Baba, acha!"

Akatabasamu, akanionyesha dole gumba.

Alipozima mashine na ukungu wa maji ulipotulia, hata yeye alirudi nyuma hatua moja. Ubao ukiwa umelowa kwa dawa unakuwa laini, na maji yale yalikuwa yamechimba. Mbao kumi na moja zilikuwa na mifereji kama shamba lililolimwa, nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyeamka ghafla. Mbaya zaidi zilikuwa zile za mbele ya mlango wa Bibi, kwa sababu pale ndipo alipotia bidii.

Mama Mdogo alirudi na madebe mawili ya dawa. Aliyaweka chini. Akapanda, akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Kazi ilikuwa inachelewa," Baba akasema. "Nikaona nikusaidie."

"Shemeji, ulinisikia nikisema usiguse?"

"Nilisikia, ila..."

"Ila." Akasimama. "Nimefanya kazi kwa watu wenye mbwa wakali. Nimefanya kazi kwa mwanamke aliyekuwa anapima kwa rula kila nilipopaka. Nimefanya kazi kwa mtu aliyebadilisha rangi mara nne halafu akarudi kwenye ya kwanza akasema ni mawazo yake. Hakuna, hakuna hata mmoja, aliyengoja nigeuze mgongo ili akailime sakafu yangu. Wewe hukutaka kusaidia. Ulitaka imalizike haraka ili usiendelee kuitazama."

Baba akaanza kuukunja mpira wa mashine.

Mama Mdogo akakusanya brashi zake, kisu, glovu. Alipanda gari kwa mlango wa abiria, kwa kuwa ule wa dereva ndio haufunguki, na kitendo kile cha kuondoka kwa hasira kikawa kirefu kupita alivyokusudia. Mama alimpigia simu jioni ile mara tano. Ya tano alipokea, akasema, "Dada, nakupenda. Tafuta fundi mwingine," akakata.

Kesho yake nilimpelekea Bibi supu kabla ya kwenda kazini. Mama Mdogo alikuwa ameshafika, ameketi pembeni ya kitanda, nguo zake zina madoa ya tabaka zote saba. Juu ya kabati dogo la kitanda kulikuwa na kilima cha machungwa yaliyomenywa.

"Ondoeni haya machungwa," Bibi akatuambia badala ya salamu. "Mkwe wangu ananimaliza. Anakuja saa sita, anakaa hapo, anamenya. Hasemi neno. Jana kamenya kumi na mbili. Wodi nzima inakula machungwa, mpaka muuguzi ameniuliza kama tuna shamba."

"Hasemi chochote?" Mama Mdogo akauliza.

"Anauliza kama naumwa. Namwambia naumwa. Anachukua lingine." Bibi akavuta shuka. "Mpeni kazi yule mtu. Mtu mwenye jambo moyoni na mikono mitupu ni kero tupu."

Kisha akagusa nyonga yake juu ya shuka, na sauti ikabadilika. "Si kosa la mtu. Ni huu mguu. Umenisaliti. Nilikuwa najiona bado mzima, kumbe mguu umeshachoka kunibeba. Nimewaambia wanitafutie kiti cha magurudumu. Nikirudi nitakaa ndani, basi. Sitaki kumwangukia mtu tena."

Nilimtazama Mama Mdogo. Alikuwa amefungua mdomo, na neno liko pale pale kwenye ulimi wake, ule ulimi ambao haujawahi kungoja ruhusa. Akaufunga. Tulipotoka kwenye korido nilimkamata mkono.

"Mbona hukumwambia ni vanishi?"

"Si mimi wa kusema."

"Lakini anajilaumu bure!"

"Unadhani silioni hilo? Naliona." Akatazama nyuma, mlango wa wodi. "Nikisema mimi, nitakuwa nimemkwangua baba yako mbele ya mkwe wake. Atatetea tu, kama anavyotetea ile rangi ya zimamoto. Akisema mwenyewe, litaisha."

"Na asiposema?"

"Basi nitampaka vanishi," akasema, akaenda zake kwa hatua ndefu.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi aligonga dirisha la chumba cha wazazi wangu. Baba alitoka na shuka begani. Mama Mdogo alimwekea drili mikononi.

"Shemeji, shika. Kila ubao ulioulima, toa skurubu zake zote. Tunaugeuza. Uso wa chini haujapakwa wala haujalimwa. Na ukiongea, naondoka."

Baba hakuongea. Hilo peke yake lilimtoa Mama nje kushuhudia. Alipiga magoti, akatoa skurubu moja moja, akazipanga kwenye sinia kwa safu za kumi, kwa maana hajui kugusa kitu bila kukihesabu. Zingine zilikuwa zimezibwa na tabaka saba zake, ikabidi azichimbue kwa ncha ya msumari. Nilimsikia akiguna, "Nani alizifukia hivi?" kisha akanyamaza ghafla.

Walipoinua mbao za mbele ya mlango wa Bibi, Mama Mdogo aliingiza bisibisi kwenye boriti iliyokuwa chini. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye keki. Boriti ilikuwa nyeusi, imeoza urefu wa mkono mzima.

Baba akasahau sharti lake. Uso ukamng'aa. "Mnaona! Boriti! Sakafu ililegea, ndiyo maana akaanguka! Nilisema mimi si vanishi!"

Mama Mdogo alikaa chini kwenye ukingo, miguu ikining'inia ndani ya uwazi. Alimtazama shemeji yake kwa uchovu ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Shemeji. Maji yaliingia kwenye nyufa. Yalipotaka kutoka, yakakuta juu pamezibwa. Kahawia, kijani, nyekundu, mpaka mwisho. Yakakaa. Mbao isiyopumua inaoza. Boriti hii umeiozesha wewe, kwa miaka. Umejikamata mara ya pili."

Baba alibaki amepiga magoti. Aliokota kipande cha mbao iliyooza, akakibonyeza kikawa unga.

"Nilitaka papendeze tu," akasema. "Anapenda kukaa hapa."

"Najua. Ndiyo kinachonikera. Ungekuwa mtu mbaya ningekugombeza kwa raha zangu."

Walibadilisha boriti pamoja. Siku zilizofuata Mama Mdogo alimaliza kubandua sehemu iliyobaki, akasafisha kwa maji ya bomba, akapitisha dawa ya pili, ya tindikali hafifu, ile inayorudishia mbao rangi yake baada ya kuchomwa na ya kwanza. Ikaachwa siku tatu ikauke. Akapiga msasa mwenyewe, kwa mashine katikati na kwa mkono pembeni, msasa wa kukwaruza kiasi, si laini sana, kwa kuwa mbao ikilainishwa kupita kiasi inakataa kunywa. Mafuta aliyapaka mbao mbilimbili, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho bila kukatiza, na nyuma yake Baba akifuta yaliyozidi kwa tambara. Matambara yote yalizamishwa kwenye ndoo ya maji. Yakiachwa yamerundikana na mafuta yake, alionya, yanaweza kuwaka yenyewe. Baba hakuamini. Ila aliyazamisha.

"Tabaka moja tu?" aliuliza mwishoni.

"Moja."

"Hata kidogo pale kwenye..."

"Shemeji."

"Basi."

Bibi alirudi siku ya Ijumaa. Kiti cha magurudumu kilikuwa kwenye gari, kimeazimwa, lakini mtaalamu wa mazoezi alikuwa amesisitiza afike kitandani kwa miguu yake, na fremu ya kutembelea. Mama alimfungulia mlango wa chumba unaotokea barazani ili aone. Tulikuwa sote pale: Mama, Baba, mimi, na Mama Mdogo aliyekuwa amevaa gauni, kitu nilichokuwa nimekisahau kwamba anacho. Mbao zilikuwa za rangi ya asali iliyofifia, nyuzi zake zinaonekana moja moja, kavu, tulivu.

Bibi akasimama kizingitini. Akainamisha kichwa kulia. Akainamisha kushoto.

"Mbona imepauka?"

Mama alimtazama mdogo wake.

"Ile ya kung'aa ilikuwa nzuri," akasema. "Mlikuwa mnajiona humo. Hii imekaa kama ya nyumba ambayo haijaisha. Nani kaiharibu?"

Mama Mdogo alifumba macho. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo. Wiki mbili za magoti, dawa ikimchoma viganja kupitia glovu, na haya ndiyo malipo. Alipofumbua alikuwa tayari kusema, na nadhani safari hii angesema yote, lakini Baba alimtangulia.

"Mama," akasema. "Ile ya kung'aa ndiyo iliyokuangusha. Ilikuwa inateleza. Niliipaka mimi. Shemeji aliniambia siku ya kwanza, nikabisha. Siyo mguu wako. Ni mimi."

Bibi alimgeukia polepole, mikono yote miwili kwenye fremu.

"Si mguu?"

"Si mguu, mama. Mtu yeyote angeanguka. Mimi mwenyewe niliteleza asubuhi ile, nikashika ukuta. Sikusema."

Hata sisi hatukulijua hilo. Mama alitoa sauti ndogo.

Bibi akautazama mguu wake, ule wa nyonga iliyovunjika. Kisha akaiinua ile fremu na kuigonga sakafuni kwa kishindo.

"Wiki tatu!" akasema. "Wiki tatu nimelala nikiutukana mguu wangu! Mguu ambao haujanikosea! Nimeaga redio yangu, nimeaga kiti changu, nimeshajizika nusu, na wewe umekaa pembeni yangu kila siku umefunga mdomo!" Alikuwa na hasira halisi, macho yamelowa, na wakati huohuo kulikuwa na kitu kinampanda usoni ambacho kingeweza kuwa furaha. "Sogea. Sogeeni wote. Natembea."

Alitembea baraza lote, hatua nane, ikamchukua karibu robo saa. Baba alikwenda kando yake bila kumgusa, mikono ameitanguliza kama anayebeba kapu la mayai. Mwisho wa baraza Bibi aligeuka akarudi. Kiti cha magurudumu kilirudishwa kilikoazimwa siku hiyohiyo.

Hakumsemesha Baba siku tatu. Alipomhitaji alipitia kwangu: "Mwambie baba yako asogeze kiti hiki kivulini," naye Baba amesimama hapohapo, anasikia, anangoja nimwambie, anasogeza. Siku ya nne alichoka mwenyewe akamwita.

Mama Mdogo alirudi kwenye kazi za wageni. Lakini kila baada ya wiki mbili alipita kwetu, eti kukagua sakafu, na kila alipopita yeye na Baba waligombana kuhusu jambo jipya: pembe ya mfereji wa maji, aina ya ufagio, kama majani yaliyolowa yanaacha doa au hayaachi. Yanaacha. Miezi miwili baadaye alikuta kiti cha Bibi kitupu, na fremu imeegeshwa ukutani. Tukamtafuta chumbani, tukamtafuta msalani. Alikuwa uani, ameshuka ngazi zote tatu na fimbo tu, bila kumwambia mtu, anaongea na jirani kupitia juu ya ukuta.

Mama Mdogo alimgombeza mpaka jirani akarudi ndani kwake. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, ameegemea fimbo.

"Umemaliza?" akauliza. "Sakafu nzuri. Nimeizoea. Ila ngazi yako ya kati inalia."

"Hailii, Mama. Nimeifunga kwa mikono yangu."

"Inalia. Panda uone."

Mama Mdogo akapanda. Ikalia. Baba, aliyekuwa dirishani, alianza kusema kitu, akaonyeshwa kidole, akanyamaza. Mama Mdogo akashuka, akazunguka nyumba kwenda garini kuleta bisibisi, na tulimsikia mpaka kule mbele akiongea peke yake.